Lami Nzito Haiponyi Kutu ya Chesisi

Bodi ikishanyanyuliwa ili ibadilishwe na chesisi (fremu ya chuma inayobeba bodi na injini) ya gari la njia mbovu kubaki wazi, wengi hukimbilia kuipaka lami nzito wakiamini kutu imekwisha. Haijaisha. Chesisi nyingi za magari haya ni chuma cha pembe nne chenye uwazi ndani. Maji na tope huingia humo kupitia matundu, hutuama, na kula chuma kutoka ndani kuja nje. Lami juu ya kutu ni hatari zaidi: ikipata ufa, unyevu hunaswa chini yake, nawe huoni kitu mpaka chuma kitoboke.

Kwa hiyo anza na ndani. Osha kwa maji ya presha, acha ikauke kabisa, gonga kwa nyundo usikilize penye sauti butu, kisha kata kilichooza. Kuchomelea kutangulie rangi, kwa sababu joto lake huunguza rangi hata ya upande wa pili. Nje paka praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshikana na chuma, kisha rangi yenyewe. Ndani puliza nta kwa mpira mrefu. Na tafadhali, matundu ya kutolea maji usiyazibe!

Kuimarisha chesisi kwa kuichomelea bati nako kuna imani yake, kwamba bati nene ndilo lenye nguvu. Bati lililochomelewa kwa mstari wima unaokatiza chesisi hukusanya mkazo ukingoni, na ufa huanzia hapo hapo. Ncha zake zichongwe mshazari, na unene wake usizidi ule wa chesisi yenyewe.