Uingereza kwa jicho la fundi: ukishaona mbele, zunguka nyuma

Kazi yangu ni kukarabati majengo ya zamani, zile nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa za Zanzibar na pwani yetu, kwa hiyo kutembea na mimi ni mtihani. Wenzangu wanatafuta pa kupiga selfi, mimi nimebaki nyuma nimeukodolea macho mstari wa mota, ule mchanganyiko wa kuungia mawe. Sasa kuna watu wananiuliza kila mara, naenda Uingereza kusoma, au naenda kwa dada yangu, niangalie nini zaidi ya Big Ben na geti la Mfalme? Jibu langu ni lile lile: kila jengo wanalokuonyesha, tafuta upande ambao hawakukuonyesha. Nyuma, chini, juu darini. Huko ndo utamu ulipo.

Anza na Bath. Treni kutoka Paddington, London, ni kama saa moja na nusu hivi, ukishuka unaona mji karibu mzima una rangi moja ya njano iliyopauka, kwa sababu walijengea jiwe lao wenyewe, jiwe la chokaa lililochimbwa kwenye vilima vya pale pale, Combe Down. Ni jiwe zuri mno kwa fundi. Likitoka ardhini na unyevu wake linakatika kwa msumeno, likishakauka linakuwa gumu. Ralph Allen, tajiri wa mambo ya posta wa karne ya 18, ndo aliyenunua machimbo akalitafutia soko.

Kila mtalii anakwenda Royal Crescent, nyumba 30 zimeungana kwa umbo la mwezi mchanga, zimejengwa kati ya 1767 na 1774, mchoraji John Wood mdogo. Nguzo zote sawa, madirisha sawa, hakuna anayemzidi mwenzake, yaani unasema hawa watu walikuwa na nidhamu. Haya, sasa zunguka kichochoro cha nyuma. Mapaa yanapishana urefu, madirisha hayalingani, huyu kaongeza chumba, yule kaongeza choo, bomba zinapita popote. Kumbe Wood alichora sura ya mbele tu. Mteja ananunua kipande chake cha sura, halafu anatafuta fundi wake wa kumjengea nyumba nyuma ya kile kipande, kila mtu kwa mfuko wake na akili zake. Mimi niliitazama ile nyuma muda mrefu kuliko mbele na sijuti, maana mbele inakwambia Wood alitaka nini, nyuma inakwambia watu waliishi vipi.

Na pale pale Bath, ukiingia kwenye mabafu ya Warumi, utakuta bwawa kubwa la maji ya kijani, sanamu za makaisari juu, nguzo, watu wanapiga picha "Roma ya kale". Tulia kwanza. Angalia chini ya goti lako. Kitako cha nguzo ndo cha Warumi, kuanzia hapo kwenda juu karibu kila kitu kimejengwa baadaye, na zile sanamu ni za miaka ya 1890. Ila sakafu ya bwawa, usiyoiona kwa sababu ya ukijani wa maji, imetandikwa mabamba 45 ya madini ya risasi waliyoyaweka Warumi wenyewe na mpaka leo yanazuia maji. Chemchemi inatoa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, nyuzi joto 46, na hairuhusiwi hata kuchovya mkono.

London sitakaa sana, kila mtu ana London yake. Kanisa kuu la St Paul's tu. Christopher Wren aliijenga kati ya 1675 na 1710 baada ya moto mkubwa wa 1666, jiwe la Portland limeletwa kwa meli kutoka Dorset, na sehemu kubwa ya pesa ilitoka kwenye kodi ya makaa ya mawe yaliyoingia London, makaa yale yale ambayo moshi wake uliligeuza kanisa jeusi miaka na miaka. Kuba unayoiona ukiwa nje sio unayoiona ukiwa ndani. Ni kuba mbili tofauti, ile ya nje ni mbao zilizofunikwa risasi, na katikati kuna koni kubwa ya matofali ambayo hakuna anayeiona akiwa chini, hiyo ndo imebeba mnara mzito wa mawe wa kileleni. Ingekuwa kuba moja tu, ama ingeonekana fupi kutoka mtoni au ukiwa ndani ungeona shimo refu la giza, kwa hiyo jamaa akajenga mbili na kuficha mfupa katikati.

Lakini kilichonichekesha ni kuta za pembeni. Zina ghorofa mbili ukitazama kutoka barabarani. Panda juu mpaka baraza ya mawe inayozunguka kuba (kwenda kileleni kabisa ni ngazi 528, goti likikuuma ishia hapo hapo), chungulia chini, utaona ghorofa ya pili haina chumba wala nini, ni ukuta umesimama peke yake, na nyuma yake zimejificha zile tao za mawe zinazoegemeza jengo. Wren hakutaka zionekane. Skrini tupu!

York ndo mji wangu lakini. Kanisa kuu lao, York Minster, lilijengwa tangu 1220 hivi mpaka 1472, kwa jiwe jeupe la chokaa kutoka upande wa Tadcaster. Miaka ya 1960 mafundi wakagundua mnara wa kati unazama, msingi umechoka na nyufa zinafunguka, basi chini ya Bernard Feilden, ambaye sisi wa ukarabati tumemsoma wote, wakachimba kuanzia 1967 mpaka 1972, wakaufunga msingi wa zamani kwa zege na vyuma visivyoshika kutu. Katika kuchimba wakakutana na ngome ya Warumi iko chini ya kanisa. Mji huo ndo Constantine alitangazwa kaisari mwaka 306. Sasa unashuka kwenye jumba la makumbusho chini kule, unaona mawe ya Warumi, msingi wa zamani, na zege la Feilden limekaa wazi na vichwa vya vyuma vinaonekana. Hawakulipaka rangi wala kulivika jiwe bandia.

Na York ndo pa kujifunzia mota. Tembea juu ya kuta za mji, bure, kama kilomita tatu na nusu, halafu uangalie majengo kwa karibu. Utakuta ukuta ambao mistari ya mota imebaki imetokeza na mawe yamerudi ndani, yamelika. Hiyo ni saruji ya watu wa juzi juzi. Jiwe la chokaa linanyonya maji ya mvua na lazima liyateme. Ukiliunga kwa mota ya chokaa, ambayo ni laini kuliko jiwe, maji yanatokea kwenye mota, mota inachakaa pole pole, baada ya miaka mingi unaikwangua unatia nyingine, jiwe salama. Ukitia saruji maji yanakwama, yanapita kwenye jiwe, yakiganda msimu wa baridi yanavimba na uso wa jiwe unabanduka. Kwetu hakuna barafu lakini kuna chumvi, na chumvi inamega matumbawe vile vile. (Sisemi ndicho kilichoangusha Beit al-Ajaib Desemba 2020, ile ina habari yake.)

Mtaa wa Shambles pita haraka, nyumba za mbao zimeinamiana vizuri sana ila siku hizi ni foleni ya watu wanaonunua fimbo za uchawi za Harry Potter.

Liverpool watu wengi wanaenda kwa mpira na Beatles. Ghala za Albert Dock, 1846, Jesse Hartley alizijenga kwa matofali, mawe na chuma cha kusubu, boriti za mbao hakuna, ili moto ukitokea mali isiungue. Mali gani na imepatikanaje, kuna makumbusho ya utumwa pale pale bandarini tangu 2007, ila kabla ya kwenda hakikisha iko wazi maana wanaifanyia ukarabati mkubwa. Halafu tembea mpaka Town Hall. Mchoraji wake ni John Wood mkubwa, baba wa yule wa Bath. Inua macho kwenye michongo iliyo katikati ya vichwa vya nguzo: tembo, simba, vichwa vya Waafrika, wamechongwa kwenye jiwe miaka ya 1750, wakati mji unatajirika kwa meli za watumwa. Hapa hakuna haja ya kuzunguka nyuma, walikiweka mbele wenyewe, na watu wanapita chini yake na kahawa zao mkononi.