Mkunga si daktari nusu

Wengi mjini huamini kwamba mjamzito asiye na daktari bingwa wake amejiweka hatarini. Si kweli. Mkunga aliyesomea na kusajiliwa ndiye mtaalamu wa uzazi wa kawaida: kliniki hupima presha na mkojo, husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na mtoto akishatoka humchoma mama sindano ya oksitosini, uniti 10, kuzuia damu nyingi kutoka. (Mkunga wa jadi ni habari nyingine, sindano hiyo kwa kawaida hana.) Bingwa anahitajika penye jambo: kovu la upasuaji, mapacha, presha kupanda, mtoto kutanguliza makalio. Badala ya kuuliza "daktari nani?", uliza kama kituo kina damu na chumba cha upasuaji, au walau gari la wagonjwa lenye mafuta saa nane usiku.