Nani kasema bi harusi lazima avae jeupe?

Nenda Darajani, sokoni Unguja, kutafuta gauni la harusi, hukosi kuambiwa kwamba jeupe ndilo la asili na rangi nyengine ni mambo ya kisasa. Ni kinyume chake. Ulaya kwenyewe walivaa rangi yoyote, hata nyekundu, mpaka Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840 na hariri nyeupe yenye lesi ya Honiton, mji wa hukohuko Uingereza. Matajiri wakamuiga, taratibu ikawa desturi.

Kwetu bi harusi alijulikana kwa kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Na dini? Ndoa ya Kiislamu inataka walii (msimamizi wa bi harusi), mashahidi wawili, mahari, na maneno ya kuozesha na kukubali. Rangi haimo.

Jeupe halina kosa, bora ufikirie mkato zaidi. La mkia wa samaki linabana mpaka magotini. Kukaa mkekani nalo, au kupanda ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, ni adhabu. Linalofunguka kuanzia kiunoni lina nafasi. Na mikono mirefu ya lesi nzito itaifunika hina na piko ulizolipia, kwa hiyo kubaliana na mpakaji kwanza michoro iishie wapi, ndipo fundi akate.