Kuteka usikivu wa hadhira maana yake nini?

Tunaposema msemaji fulani "ameteka hadhira", neno kuteka lina sura mbili. Kuna kuteka kunakozaa mateka: unamkamata mtu, unamfunga, haendi popote. Na kuna kuteka maji: unashusha ndoo kisimani, unaipandisha, unayatumia, yakiisha unarudi tena. Wengi wanaoogopa kusimama mbele ya watu huwaza ile sura ya kwanza. Wanaamini kuna watu wenye kipaji ambao wakifungua kinywa tu, ukumbi mzima unanasa mpaka mwisho. Mimi nashikilia ya pili. Usikivu hutekwa kama maji, na anayesifiwa kwamba aliwashika watu saa nzima ni yule aliyerudi kisimani mara nyingi bila wao kugundua.

Kwa lugha nyepesi, basi, kuteka usikivu ni kuwafanya watu walio mbele yako wafuate unachosema, na akili zao zinapotoka, kuzirudisha. Nasema kufuata, si kutazama. Kusikia ni kazi ya sikio, na sikio halifungwi. Kusikiliza ni kazi ya akili. Mtu anaweza kukukazia macho na kutikisa kichwa kila unapovuta pumzi, kumbe anapanga safari yake ya kesho.

Akili hutoka kwa sababu ina nafasi ya kutoka. Ralph Nichols, profesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliyechunguza usikilizaji kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1957 kwamba Mmarekani wa kawaida huzungumza maneno kama 125 kwa dakika, ilhali akili ya anayemsikiliza huenda kasi kuliko hapo. (Neno moja la Kiswahili hubeba viambishi ambavyo Kiingereza huviandika mbalimbali, kwa hiyo kwetu idadi itakuwa ndogo zaidi, lakini hoja haibadiliki.) Kati ya neno lako na neno lako linalofuata, msikilizaji anabaki na muda mkononi. Anautumia kwenda nyumbani na kurudi, kukumbuka deni, kutazama viatu vya jirani. Hajakudharau. Na simu tunayoilaumu kila siku si chanzo cha tatizo hili. Simu ni mahali tu ambapo akili iliyokwisha kutoka inatua.

Sababu ya pili ni mazoea. Ukiingia katika chumba chenye feni, unaisikia. Baada ya dakika chache huisikii tena, mpaka izimwe. Ubongo huacha kushughulika na kitu kisichobadilika, nayo sauti ya binadamu inayokwenda kwa kasi moja, kimo kimoja, na sentensi zenye urefu mmoja, hugeuka feni.

Hili nililiona kwa macho yangu. Nilikuwa nasoma ripoti ya mapato na matumizi mbele ya wanachama wa kikundi chetu, kurasa nane, nami nilikuwa nimejiandaa vizuri. Kufika ukurasa wa tatu, minong'ono imeanza nyuma. Mzee wa mstari wa pili kidevu kimegusa kifua. Mama mmoja karibu na dirisha anapekua mkoba wake taratibu, kitu kimoja kimoja, kama mtu aliye peke yake chumbani. Nikapandisha sauti. Minong'ono nayo ikapanda. Kisha nikakuta kurasa mbili zimegandana, nikanyamaza ili nizitenganishe. Zilipita sekunde tano au sita. Kidevu kikainuka. Mkoba ukafungwa. Nyuma kukawa kimya. Nilipoinua uso, kila jicho lilikuwa kwangu, na nilikuwa sijasema neno lolote! Nami nikaomba radhi, nikaendelea na sentensi iliyokuwa katikati ya ukurasa.

Kimya kile kiliniletea ukumbi mzima, nikaupoteza kwa kuwa sikuwa na la kuwapa. Hapa ndipo naona mafunzo mengi ya uzungumzaji yanapokosea. Yanafundisha mikono, kutembea jukwaani, kupandisha na kushusha sauti, yakaishia hapo. Mabadiliko ya aina hiyo yanafanya kazi kweli, ila yanakununulia sekunde chache tu. Yanamfanya mtu ainue kichwa aulize, "Kuna nini?" Akikuta hakuna kitu, anainama tena, na safari ya pili hainui kichwa kwa urahisi.

Kinachomfanya abaki ni kujiona ndani ya maneno yako. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Neville Moray aliwavisha watu vifaa vya masikioni, akawapa ujumbe mmoja sikio hili wa kuufuata na kuurudia kwa sauti, na mwingine sikio la pili wa kuupuuza. Ule wa kupuuzwa karibu haukubaki kabisa akilini mwao. Lakini jina la mtu mwenyewe lilipotajwa katika sikio lililopuuzwa, kama theluthi moja yao walilisikia. Kinachomhusu mtu hupita hata pale mlango umefungwa.

Huwezi kumtaja kila aliyeketi kwa jina, lakini unaweza kusema jambo kwa namna inayomgusa. Ripoti yangu ilisema: "Katika kipindi cha mwaka uliopita, kiwango cha uwasilishaji wa michango kwa wakati kilifikia asilimia 70." Ni kweli tupu, na ni feni tupu. Leo ningesema: "Hesabu watu kumi, kuanzia wewe uliyekaa hapa mlangoni. Watatu kati yenu hawakulipa kwa wakati." Tarakimu ni ileile. Lakini sasa watu wanahesabiana kwa macho, na kila mmoja anajiuliza yuko upande gani. Hapo ndipo ningenyamaza.

Kuna madai yanayorudiwa sana kwamba hadhira husikiliza kwa dakika 10 hadi 15 kisha basi. Karen Wilson na James Korn walipoyapitia maandiko yanayotajwa kuyaunga mkono, mwaka 2007, walikuta ushahidi ni mdogo mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na Diane Bunce na wenzake ulikwenda darasani moja kwa moja: wanafunzi wa kemia walipewa vidude vya kubonyeza kila walipogundua kwamba akili zao zilikuwa zimetoka. Akili zilitoka na kurudi, mara nyingi kwa dakika moja au pungufu, zikianza mapema kabisa katika kipindi, na kadiri kipindi kilivyosonga zilitoka mara kwa mara zaidi. Mwalimu alipofanya onyesho au kuuliza swali la kujibiwa na wote, zilitoka kidogo zaidi, na faida hiyo iliendelea hata katika mhadhara uliofuata mara tu baada ya hapo.

Kwangu jambo kubwa katika matokeo hayo ni neno kurudi. Msikilizaji uliyempoteza anarudi mwenyewe baada ya muda mfupi. Je, anakukuta wapi? Msomaji wa kitabu akizubaa hurudi ukurasa wa nyuma. Msikilizaji hana ukurasa wa nyuma. Akirudi akikuta uko katikati ya hoja inayotegemea hoja aliyoikosa, haelewi, basi anaondoka tena, safari hii bila kosa lake. Kwa hiyo msemaji mzuri huacha milango njiani: "Tumeona kwa nini fedha zilipungua, sasa tuone zilikokwenda." Sentensi kama hiyo kwenye karatasi inaonekana ya kurudiarudia. Masikioni ni mkono ulionyooshwa kwa aliyechelewa. Nikipitia hotuba ya mtu kabla hajaitoa, naangalia milango hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na karibu kila mara ni michache mno.

Haya si mapya. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kuona kwamba kuwaomba watu wasikilize mwanzoni mwa hotuba ni kupoteza ombi, maana mwanzoni ndipo kila mtu anasikiliza zaidi. Ombi hilo, alisema, liwekwe popote usikivu unapolegea. Akamtaja Prodicus, mwalimu aliyekuwa na somo lake la bei ya drakma 50 (drakma ni sarafu ya Ugiriki ya kale): wanafunzi wakianza kusinzia, aliwachomekea kipande cha somo hilo la bei ghali.

Macho nayo yana kazi yake. Kupitisha macho juu ya vichwa kama taa ya mnara hakumfikii mtu yeyote. Mtazame mtu mmoja kwa sentensi nzima, hadi nukta, kisha nenda kwa mwingine upande wa pili. Aliyetazamwa atakaa nawe, na walio karibu naye wanadhani wametazamwa wao. Pia utajua hali ya ukumbi. Ila usikurupuke kuhukumu: aliyefumba macho huenda ndiye anayekusikiliza kuliko wote, na anayeandika kwenye simu huenda anakunukuu. Dalili ninayoiamini ni mwili wa wengi kwa pamoja: viti vinapoanza kulia na vikohozi kuongezeka, muda wa kurudi kisimani umefika.

Na kuna ndoo moja ambayo kila msemaji hupewa bure. Ukisema "namalizia", hata waliolala huamka. Vichwa vyote viko juu, na una dakika mbili hivi za usikivu safi. Wengi huzitumia kushukuru waandaaji, au husema "namalizia" mara tatu, na kufika ya tatu watu wamekwisha kushika mikoba. Litamke mara moja, ukiwa na jambo ulilolihifadhi kwa ajili ya dakika hizo mbili, kisha keti.