Mozaiki ya harusi, na kwa nini saruji haiingii ukumbini

Harusi ya kwanza niliyopeleka mozaiki hapa Bagamoyo, yaani ubao wa picha ambayo wageni huijaza kwa kubandika vipande vya vyombo, nilibeba ndoo ya gundi ya vigae, ile ya unga wa saruji inayokorogwa na maji. Ratiba ilisema wageni waanze kubandika saa tisa alasiri, nami nikakoroga saa tisa kasorobo. Nikaha ikachelewa, pilau ikachelewa, mshereheshaji akakumbuka kwamba mawifi hawajatambulishwa. Saa kumi na nusu gundi ilikuwa jiwe ndani ya ndoo. Nikakoroga nyingine, na hiyo ikampata shangazi wa bwana harusi kwenye baibui jipya. "Mwanangu, umenipiga lipu," aliniambia, wala hakuwa anacheka.

Siku hizi naenda na gundi nyeupe ya mbao tu. Hainiharakishi, na ikidondokea nguo huondoka kwa kitambaa chenye maji, ili mradi uiwahi. Kasoro yake ni kwamba haipendi unyevu, kwa hiyo mozaiki hiyo ni ya sebuleni, si ya baraza inayopigwa mvua. Wakitaka ya nje, wageni huchagua vipande tu, mimi nabandika mwenyewe kwa saruji siku nyingine.

Vipande vinatoka wapi? Dukani unaweza kununua tailizi mpya za rangi zote, lakini ukiniuliza, hiyo ni bafu. Naziomba familia zote mbili ziniletee vyombo vilivyovunjika au vyenye ufa: sahani ya maua ya bibi, kikombe kilichobaki peke yake katika seti, kifuniko cha birika. Kigae, kabla hakijawa tailizi, kilikuwa ni hicho hicho kipande cha chombo kilichovunjika. Na watu wa pwani hawakuanza jana kupachika vyombo kwenye kuta. Nenda kwenye magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji, ukaangalie makaburi ya minara: mabakuli ya kauri kutoka Uchina yalipachikwa humo kama mapambo. (Uangalie tu. Kule hakuokotwi kigae, ni mahali panapolindwa kisheria.)

Kukata nakata nyumbani, siku kadhaa kabla. Sahani za udongo laini zinakubali koleo la kawaida la vigae, kauri ngumu inataka lile la magurudumu mawili. Kisha kila ukingo naupitishia msasa wa maji, kwa sababu mbili: watoto watavishika, na vumbi kavu la kauri si la kuvuta mapafuni.

Ubao wangu ni plaiwudi ya milimita 12, sentimita 60 kwa 90. Kipande cha sentimita 2, ukiacha upenyo wa milimita 2 au 3 wa grauti (lile rojo la kujazia kati ya vipande), hula kama sentimita 5 za mraba, kwa hiyo ubao mzima unameza vipande elfu moja na kitu. Kwa wageni 200 ni vitano vitano. Hesabu nzuri, ila wageni 200 hawaji mezani. Wengine wamekaa na mikono hewani wakisubiri piko ikauke, wengine wanaona ni mchezo wa watoto. Basi mistari yote ya mchoro na karibu theluthi ya ubao naijaza mimi kabla.

Lililonisumbua muda mrefu ni hili: ubao mmoja, shughuli mbili. Wanaume wako barazani na nikaha, wanawake wako ndani wanapamba. Ukiuweka ubao upande mmoja, upande wa pili hauna kumbukumbu. Nikaukata nusu mbili. Mchoro ninaoupenda ni jahazi: tanga na anga vinaenda kwa wanawake, mwili wa jahazi na bahari kwa wanaume, na mshono unapita pale tanga linapoishia. Bahari inasamehe, hata kipande kikikaa upogo kinaonekana wimbi. Tanga halisamehe, lakini kinamama wana subira nalo, tena wanakosoana wenyewe: "Wewe, toa hicho, kimekaa kama jino bovu." Wanaume wakishakula wanaondoka na bahari ina matobo. Nimezoea.

Wanaotaka kuacha jina waandike kwa penseli mgongoni mwa kipande, kwenye udongo usiong'aa. Halitaonekana tena, lakini lipo. Kuna kijana aliandika jina lake juu kwa kalamu ya wino, herufi kubwa kabisa. Sponji ya grauti ililifuta lote.

Baada ya harusi nauacha ubao siku mbili, maana hewa yetu ya bahari inachelewesha gundi kukauka. Naunga nusu mbili kwa mbao za mgongoni, najaza mshono, halafu napiga grauti nzito kama uji wa mgonjwa aliyepata nafuu. Nachagua ya kijivu. Nyeupe inameza rangi za sahani, na haikawii kuchafuka. Nikiona imeanza kukamata, nafuta kwa sponji iliyokamuliwa sana, kisha kitambaa kikavu mpaka ukungu utoke. Walioleta kombe za ufukweni nawaambia waziloweke kwanza kwenye maji yasiyo ya chumvi siku mbili tatu, wakiyabadilisha, la sivyo chumvi itachomoza baadaye kama unga mweupe.

Kazi ikiisha ina uzito wa kama kilo 10. Kuta za nyumba za zamani za hapa, mawe ya matumbawe na chokaa, zinabomoka kama kashata ukizipiga msumari, kwa hiyo naweka skrubu mbili ndefu na vile vifuko vyake vya plastiki.

Katika jahazi la mwisho, bibi mzaa mama wa bibi harusi alileta mkono wa kikombe, mzima, akaubandika kwenye ncha ya foromali, ule mti unaoshika tanga. Umetokeza nje kama ndoano. Nilitaka kuukata, akanitazama, nikaweka koleo chini. Wiki iliyopita nilipita kuangalia skrubu zangu, nikakuta pananing'inia funguo za bajaji.