Wati si sauti: yanayosemwa na wapiga vyombo wa Dar, na ukweli wake

Wiki haiishi bila mpiga gitaa la solo mmoja kufika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Kinondoni na ombi lilelile: "Shikamoo fundi. Natafuta amplifaya ya wati mia, hii ya hamsini inazidiwa na drams." Naitikia marahaba, kisha namwomba akae. Heri apoteze nusu saa kwangu kuliko kwenda kumaliza akiba yake Kariakoo.

"Wati 100 zinalia mara mbili ya wati 50"

Hazilii hivyo. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Msikilizaji ataitambua tofauti hiyo, lakini hawezi kusema sauti imekuwa mara mbili. Ili aseme hivyo zinahitajika kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Mwenye 50 anayetaka sauti mara mbili anatafuta 500, na sijui ataibebaje kwenye bajaji.

Kinachosahaulika ni spika. Spika hupimwa kwa sauti inayotoa ikipewa wati 1, kipimo kikiwa mita 1 mbele yake. Katika spika za gitaa za inchi 12 ipo ya desibeli 97 na ipo ya 100. Ukitoa ya kwanza ukafunga ya pili, umepata zile desibeli 3 ulizotaka kuzinunua kwa amplifaya nzima.

Na kabla ya spika kuna mahali ilipokaa. Spika ya inchi 12 husambaza sauti nzito kila upande, lakini zile kali huzitupa mbele kama mwanga wa tochi. Boksi likiwa sakafuni, tochi inamulika magoti ya mpigaji. Yeye hajisikii, anaongeza. Aliyekaa meza ya tatu anaziba masikio. Anayepiga rithimu naye anaongeza, besi inafuata, na chemko, ile sehemu ya wimbo ya kuchangamka, likifika hakuna anayesikia gitaa lipi linamjibu lipi. Inaniuma, maana utamu wa muziki wetu wa dansi uko hapo hapo, kwenye solo, solo la pili na rithimu kupokezana bila kukanyagana. Liweke boksi juu ya kreti mbili za soda, liinamishe kidogo lielekee kichwani kwako, halafu punguza. Nimewaona wapigaji wakishangaa kwamba siku zote walikuwa na sauti ya kutosha.

Wapo wanaonijibu kwamba wakongwe walikuwa na mitambo ya maana ndiyo maana nyimbo zao hazichuji. Bendi kama NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi, iliyoanza 1964, zilitumia vyombo vya mwajiri, na mwanamuziki akihama bendi anaviacha. Pale studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi ilirekodi ikipiga kwa pamoja, sauti zikiingia kwenye kanda. Mpigaji aliyejaza nafasi ya mwenzake aliharibu wimbo wote. Usafi unaousikia leo ulitoka kwenye mpangilio na vidole vyao.

"Ethi ndiyo inaleta mngurumo, ikate"

Kwa hili siwezi kuwa mpole. Soketi zetu zina matundu matatu, na ile pini ndefu ya juu ni ya ethi. Kazi yake ni moja: waya wenye umeme ukiachia ndani ya amplifaya na kugusa bodi ya bati, umeme ukimbilie ardhini na fyuzi ikatike. Ukiikata ethi, siku waya huo ukiachia bati lote linabaki na volti 230. Nyuzi za gitaa la umeme zimeungwa na bati hilo kupitia waya unaochomeka kwenye jeki. Maikrofoni nayo imeungwa na ethi kupitia miksa. Mkono uko kwenye nyuzi, mdomo unagusa maiki, na njia ya umeme ni kifua chako. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows la Uskoti, alikufa jukwaani mjini Swansea kwa kupigwa na umeme alipogusa maikrofoni. Kosa lilikuwa la ethi. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Mngurumo una chanzo chake. Mara nyingi amplifaya na miksa zimechukua ethi kwenye soketi mbili zilizo mbali, pakatokea mzunguko. Chomeka vyote kwenye laini moja. Ukibaki, tumia boksi la DI, kile kiboksi cha kuunganisha chombo na miksa, lenye swichi ya kukata ethi: lenyewe hukata kwenye waya wa sauti, haligusi waya wa umeme. Kama gitaa lako lina pikapu (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili moja, geuka kidogo ulipe mgongo transfoma, usikie mngurumo unavyopungua. Na kama ukumbi hauna ethi kabisa, kataa kupiga mpaka fundi umeme aje. Nimewahi kukataa, tukakosa malipo ya usiku mzima, na sijutii.

"Mtumba wa Japani, weka transfoma basi"

Nusu ni kweli. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi 230, hivyo transfoma ya kushusha ni lazima. Lakini transfoma haibadilishi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Sisi tuna 50. Japani yenyewe imegawanyika: upande wa Tokyo 50, upande wa Osaka 60. Soma kibao cha nyuma. Kikiandika 60 peke yake, transfoma ya ndani itachemka zaidi hapa kwetu, na joto la Dar halisaidii.

"Waya ni waya"

Wa gitaa una uzi mwembamba katikati uliozungushiwa kinga. Ukiutumia kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika unapata moto, na siku mbaya unaunguza amplifaya.

Vilevile besi kwenye amplifaya ya gitaa. Uzi mnene wa gitaa unatikisika mara 82 kwa sekunde, wa besi 41. Kwa sauti ndogo chumbani hakuna neno. Ukiongeza, karatasi ya spika inasukumwa mbali kuliko ilivyotengenezewa, inachanika.

"Masikio yanazoea"

Hayazoei, yanakufa. Wataalamu wa afya kazini Marekani wanaweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda nusu. Ndizo 3 zilezile za kuongeza wati mara mbili. Kwenye desibeli 100 una dakika 15, na sisi tunapiga mpaka saa tisa usiku. Seli za ndani ya sikio la binadamu zikifa hazioti tena.

Sikio langu la kushoto, lililokaa miaka upande wa matoazi, lina mlio usiozimika. Siku hizi naweka vizibo vya masikio kwenye kisanduku cha fyuzi, na kijana akikaa kusubiri amplifaya yake nampa jozi, namwonyesha namna ya kuvivaa.