Nguvu ya fundo: kilo za kwenye bobini na kilo zinazofika kwenye ndoano

Bobini ya nailoni ya kuvulia huwa imeandikwa namba mbili. Moja ni unene, kwa mfano milimita 0.35, na nyingine ni kilo. Kilo hizo ni mzigo ambao uzi unaubeba kabla ya kukatika ukiwa mkavu, umenyooka, haujakunjwa popote. Lakini hakuna anayevua kwa uzi wa namna hiyo. Ukishaufunga kwenye ndoano, kilo zinapungua, na zile zinazobaki ndizo zinazoitwa nguvu ya fundo. Fundo likitajwa kuwa la asilimia 90, maana yake uzi wa kilo 10 uliofungwa kwa fundo hilo utakatika kwenye kilo 9 hivi.

Fundo la kawaida, lile la kupitisha ncha ndani ya kitanzi na kuvuta, linaweza kula karibu nusu ya nguvu ya nailoni. Hilo ndilo fundo ambalo mikono inalikimbilia kwanza, na ndilo hilohilo linalojifunga lenyewe katikati ya uzi wakati wa kurusha. Ukiliona, usilipuuze. Kata uzi hapo uanze upya.

Kwa nini uzi ukatike penye fundo? Nailoni inapokunjwa kwa kona kali, upande wa nje wa kona unavutwa kuliko upande wa ndani, kwa hiyo mzigo unabebwa na sehemu tu ya uzi. Juu ya hapo, uzi unajibana wenyewe kwa wenyewe na kujikata. Fundo zuri linapunguza maovu hayo mawili: halina kona kali moja, na mzunguko wake wa kwanza unapokea sehemu ya mzigo kwa msuguano, wa pili sehemu nyingine, hivyo hivyo hadi kwenye tundu la ndoano, ambako mzigo uliofika ni mdogo. Ndiyo sababu mafundo ya wavuvi yana mizunguko mingi. Ikiwa michache mno, uzi unateleza. Ikiwa mingi mno kwenye uzi mnene, hailali vizuri, inapandiana, na fundo linakuwa baya kuliko lenye mizunguko minne.

Hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu, mtu hahitaji mashine kupima haya. Bidoni ya lita 20, ile ya njano ya kuchotea maji, inatosha. Funga ndoano au kipete kwenye uzi, ning'iniza bidoni tupu kwenye boriti kwa uzi huo, chini weka gunia ili isipasuke ikianguka, kisha mimina maji lita moja moja. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi hesabu inajifanya yenyewe. Usisahau tu kuongeza uzito wa bidoni. Fundo likiachia, kabla ya kufunga jingine, tazama ncha ya uzi. Ikiwa imejisokota kama mkia wa nguruwe, uzi haukukatika: fundo liliteleza likafunguka, kwa hiyo liongezee mizunguko au likaze vizuri zaidi. Ikiwa ncha imenyooka na imekatika palepale fundo linapoanzia, fundo lilishika hadi mwisho wa nguvu yake. Na ikiwa uzi umekatika mbali na fundo, tafuta mkwaruzo.

Kwenye ziwa hili mkwaruzo hautafutwi mbali. Sehemu kubwa ya ufuko wa Goma ni mawe ya volkano ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, na jiwe lile lina meno. Uzi ukiburuzwa juu yake mara mbili tatu, unapoteza nguvu ambayo hakuna fundo litakaloirudisha. Pitisha nusu mita ya mwisho katikati ya kucha mbili. Ukisikia mparuzo, kata na ufunge tena, hata kama samaki wanakula. Ukitaka kujua nani mvuvi na nani amekuja kupunga upepo, tazama nani anafunga upya bila kulazimishwa.

Turudi kwenye kuchagua. Watu huuliza fundo lipi ni bora kuliko yote, na swali lenyewe limekaa upande. Linalotakiwa kuulizwa ni: uzi huu umetengenezwa kwa nini, na ndoano hii ina kichwa gani?

Nailoni ya uzi mmoja ndiyo rahisi kuliko zote. Inanyumbuka na inashika fundo, ila inanywa maji na kulegea kidogo, na jua kali huimaliza polepole. Kwa hiyo bobini inayoning'inia mlangoni mwa duka pale mtaa wa Birere, ikipigwa na jua kila asubuhi, mimi siinunui hata ikishushwa bei. Uzi uliosukwa, ule mwembamba wa rangi unaofanana na wa kushonea, una nguvu sana kwa unene wake lakini unateleza, na fundo linaloshika nailoni linaweza kuchomoka kwenye uzi huo taratibu bila kukatika. Kamba iliyosokotwa ya nyavu, ile ya namba kama 210/9, yaani nyuzi 9 za denie 210 (denie ni kipimo cha unene wa uzi) zilizosokotwa pamoja, ina uso wa kukwaruza na inavumilia karibu fundo lolote.

Kwa nailoni na ndoano yenye tundu, fundo la klinchi linatosha siku nyingi. Pitisha ncha kwenye tundu, acha mkia wa urefu wa kiganja, kisha uzungushe mkia huo juu ya uzi mkuu. Kwa uzi wa 0.20 zungusha mara sita au saba. Kwa wa 0.50, mara nne au tano. Rudisha ncha ndani ya kitanzi kidogo kilichobaki kando ya tundu, halafu ipitishe tena ndani ya kitanzi kikubwa ulichokitengeneza sasa hivi. Usivute bado. Lowesha kwanza, kwa mate au kwa maji ya ziwa. Nailoni kavu ikikazwa inajisugua, inapata joto, na joto linaidhoofisha. Alama yake utaiona: kipande cha uzi juu ya fundo kimejikunja na kupauka. Fundo kama hilo halina dawa, likate. Ukiwa umelowesha, vuta uzi mkuu polepole hadi mizunguko ilale mmoja kando ya mwingine kama chemchemi iliyobanwa, ndipo ukaze kwa nguvu. Kata mkia ubakize milimita mbili au tatu. Kuna wanaouchoma mkia kwa kiberiti ili ufanye kichwa kisiteleze. Moto ule ukisogea kidogo tu umeshaharibu fundo lote, na fundo linalohitaji moto ili lishike halikufungwa vizuri tangu mwanzo.

Kwa uzi uliosukwa chagua fundo la Palomar. Uzi unakunjwa mara mbili, kitanzi kinapitishwa kwenye tundu, kinafungwa fundo la kawaida bila kukazwa, ndoano nzima inapitishwa ndani ya kitanzi, kisha unalowesha na kuvuta. Nguvu yake inatokana na kwamba tundu linabebwa na nyuzi mbili. Linafaa nailoni pia, na linafungika hata gizani, jambo linalohesabika kwa anayetoka na mtumbwi kabla ya alfajiri. Kasoro yake ni kwamba linataka tundu kubwa linalopokea uzi mara mbili, na kwenye ndoano ndogo utahangaika bure. Kumbuka namba za ndoano zinakwenda kinyume: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6, mpaka ukifika 1, kutoka hapo zinaandikwa 1/0, 2/0, na kuendelea zikiongezeka ukubwa.

Ndoano zisizo na tundu, zile zenye kichwa kilichopondwa bapa, ndizo zinazoleta ugomvi. Kijana ananunua kwa sababu ni za bei rahisi, anafunga klinchi shingoni, samaki anavuta, fundo linapita juu ya ubapa na kwenda. Ndoano hiyo inafungwa kwenye shina lake, si kichwani. Laza uzi sambamba na shina, tengeneza kitanzi, kisha zungusha ncha juu ya shina na uzi pamoja mara sita au saba ukishuka kuelekea kwenye mkunjo, pitisha ncha kwenye kitanzi, vuta pande zote mbili, halafu sogeza mizunguko ipande hadi igote kwenye ubapa. Uzi mkuu utokee upande ule ncha kali inakotazama. Ukitokea mgongoni, ndoano inavutwa ikiwa imelala vibaya na kingo za ubapa zinasaga uzi. Fundo hili la shina ni imara kweli, kwa kuwa chuma ndicho kinachobeba mizunguko na uzi haupindi kona yoyote kali. Wengi hulitumia hata kwa ndoano zenye tundu, wakipitisha uzi tunduni kwanza.

Haya yote hayamhusu mvuvi wa sambaza. Samaki hao wadogo, walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanavuliwa usiku kwa taa na nyavu za kuinua kati ya mitumbwi iliyounganishwa. Ndoano ni ya tilapia, kambale na wengine wa kando ya mawe na majani, na samaki wa namna hiyo havuti mzigo sawasawa kama bidoni. Anagonga na kugeuka ghafla. Nailoni inanyumbuka na kumeza mshtuko. Uzi uliosukwa haunyumbuki karibu hata kidogo, kwa hiyo mshtuko wote unashukia kwenye fundo. Watu wengi, mimi nikiwemo, huunga mita moja au mbili za nailoni mbele ya uzi uliosukwa.

Hapo unahitaji fundo la kuunganisha nyuzi mbili. Kufunga ncha mbili pamoja kwa fundo moja la kawaida ni kuomba hasara. Fundo la yuni, likifungwa mara mbili, linafaa: kila uzi unazungushwa juu ya mwenzake, kisha mafundo mawili yanavutwa yakutane. Upande wa nailoni mizunguko minne au mitano, upande wa uliosukwa minane hivi, maana huo ndio unaoteleza.

Sasa viungio vya chuma. Emeriyo ni kile kipande chenye pete mbili zinazozunguka kila moja peke yake. Kazi yake ni moja, kuzuia uzi usijisokote. Ukivuta kijiko, yaani chambo cha chuma kinachozunguka majini, au ukiwa na kamba ndefu ya ndoano nyingi ambapo kambale anajibiringisha usiku kucha, utaihitaji. Ukivulia mnyoo na kiboya karibu na majani, huihitaji. Unaongeza uzito na fundo jingine la kuogopea. Ukinunua, zungusha pete chini ya mvuto, si ikiwa imelegea mkononi: nyingi za bei ya chini huzunguka vizuri mpaka zivutwe, hapo zinaganda. Tazama pia kama pete imefungwa kabisa. Uzi mwembamba huingia kwenye ufa na kutoka, au unakatwa na kingo zake.

Pini za kufungua na kufunga, zinazokuruhusu kubadilisha ndoano bila kufunga upya, mimi sizipendi kwa samaki mzito. Waya wake ukiwa mwembamba unafunguka kabla fundo halijafika hata nusu ya nguvu yake, na hutajua ni nini kilichotokea: uzi unarudi mzima, fundo zima, pini imetanuka. Kama ni lazima, ipime kwa bidoni ileile, pamoja na fundo lake, na uchague ile ambayo uzi unakatika kabla yake. Pini iliyotanuka mara moja usiikunje kwa koleo irudi. Chuma chake kimeshachoka, na mara ya pili kitafunguka kwa mzigo mdogo zaidi.